Dawa ya Iodini Ikitoka Nje ya Njia ya Chakula: Hotuba kwa Wahudumu na Wagonjwa

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wauguzi, wataalamu wa picha, wanafunzi wa udaktari, na ninyi nyote mliokuja kwa sababu mmeandikiwa kipimo hiki au mna mgonjwa aliyeandikiwa, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie dawa za kontrasti zenye iodini, zile ambazo mgonjwa hunywa au hupitishiwa kwenye mrija ili njia yake ya chakula ionekane kwenye eksirei. Ninalotaka kulisema ni jambo moja, na karibu kila nitakachokieleza kitatokana nalo: kabla kikombe hakijafika mkononi mwa mgonjwa, anayempa lazima awe amejiuliza dawa hii ikitoka nje ya njia yake itaangukia wapi mwilini. Jibu la swali hilo ndilo linalopaswa kuchagua dawa, wala si mazoea ya idara au chupa iliyo karibu kabatini.

Kwanza tukumbushane kwa nini dawa inahitajika. Mionzi ya eksirei hupita kwa urahisi kwenye vitu vyenye atomu nyepesi na huzuiwa na vile vyenye atomu nzito. Mfupa una kalisi, ambayo namba yake ya atomu ni 20, kwa hiyo hutokea mweupe kwenye picha. Umio, tumbo, utumbo, ini na misuli vimejengwa kwa sehemu kubwa na hidrojeni, kaboni, naitrojeni na oksijeni, ambazo namba zake hazizidi 8, na ndiyo maana katika picha ya kawaida ya tumbo ni vigumu kuona kiungo kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi, isipokuwa pale penye gesi. Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua mionzi hii nchini Ujerumani mwezi Novemba 1895. Mwaka uliofuata, Walter Cannon, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alianza kuwalisha wanyama chakula kilichochanganywa na bismathi, ambayo ni elementi nzito, akatazama kwenye kioo jinsi njia ya chakula inavyosukuma kilichomezwa. Baadaye salfeti ya bariamu ilichukua nafasi ya bismathi, kwa sababu haiyeyuki katika maji na haifyonzwi na utumbo, na hadi leo bado inatumika.

Iodini ilikuja kwa mlango mwingine. Ilianza kutumika kwa kudungwa mshipani ili figo na njia ya mkojo zionekane, na katika miaka ya 1950 zilipatikana dawa za aina ya daitrizoeti, ambazo baadaye zilitengenezwa pia kwa ajili ya kunywewa. Namba ya atomu ya iodini ni 53 na ya bariamu ni 56, kwa hiyo katika kuzuia mionzi elementi hizi mbili hazijaachana sana. Tofauti yao kubwa iko kwenye umbo zinamoingilia mwilini. Bariamu ni unga laini unaoelea ndani ya maji na hubaki unga hadi utoke. Iodini imefungwa ndani ya molekuli inayoyeyuka, na kila pete ya kaboni iliyomo ndani ya molekuli hiyo hubeba atomu tatu za iodini zilizoshikamana nayo. Kinachoyeyuka mwili unaweza kukifyonza na kukitoa. Unga usioyeyuka ukishaingia mahali pasipo na njia ya kutokea, hukaa hapohapo.

Naomba nisimame kidogo hapa, kwa sababu kuna hatari ninayoiogopa kuliko zote. Dawa ya iodini ya kupaka kwenye vidonda, ile ya rangi ya kahawia inayouzwa kwenye maduka ya dawa, si dawa hii na kamwe isinywewe. Ile ina iodini iliyo huru, na kazi yake ni kuua vijidudu. Ikimezwa inaunguza umio na tumbo. Dawa ya picha ina iodini iliyofungwa kwa nguvu ndani ya molekuli, haina rangi ile, na hutolewa hospitalini tu. Mtu asijaribu kujitayarisha nyumbani kwa kipimo chochote kwa kufuata jina la iodini peke yake.

Sasa turudi kwenye swali letu, tukianza na mahali ambapo iodini ilijipatia heshima yake: pale ukuta wa njia ya chakula unaposhukiwa kutoboka. Kidonda cha tumbo kinaweza kutoboka, umio unaweza kuchanika kwa kutapika kwa nguvu au kwa kipimo cha kuingiza kamera, na kiungio ambacho daktari wa upasuaji ameshona baada ya kukata sehemu ya utumbo kinaweza kuvuja siku chache baadaye. Bariamu ikipita kwenye tundu kama hilo na kumwagikia ndani ya fumbatio, huchanganyika na uchafu wa utumbo pamoja na bakteria, huwasha utando unaofunika viungo vya tumbo, na huacha uvimbe mgumu na makovu ambayo hayaondoki. Daktari wa upasuaji akifungua tumbo hilo huikuta imeganda kila mahali na hawezi kuisafisha yote. Dawa ya iodini ikimwagikia pale pale hufyonzwa na utando huo, huingia kwenye damu, na figo huitoa kwa mkojo. Kwa kweli daktari makini huitumia tabia hiyo kama ushahidi. Katika utumbo usio na tundu ni sehemu ndogo sana ya dawa iliyonywewa ndiyo inayofyonzwa, asilimia chache tu, kwa hiyo figo na kibofu zikianza kung'aa sana kwenye picha baada ya mgonjwa kunywa, hilo ni dokezo kwamba huenda dawa imepenya ukuta mahali fulani, hata kama tundu lenyewe halijaonekana.

Hebu tuingie chumbani tuone kazi hiyo inavyofanyika. Mgonjwa ameshonwa umio siku kadhaa zilizopita na daktari wake anataka kujua kama anaweza kuruhusiwa kunywa maji. Kwanza hupigwa picha bila dawa, ili nyuzi za chuma, mirija na gesi iliyokuwapo tangu awali visije vikadhaniwa kuwa uvujaji. Kisha hupewa kinywo kidogo, anaambiwa akishike mdomoni, mashine inayoonyesha picha zinazotembea inawashwa, na anaambiwa ameze. Mstari mweupe hushuka kwa kasi kuliko wengi wanavyotarajia. Macho hayafuati mstari ule tu. Hutazama pembeni mwa kiungio, kwa sababu uvujaji mdogo huanza kama kijimstari chembamba kinachotoka nje ya mpaka na kubaki pale wakati dawa nyingine imekwisha kupita. Mgonjwa hugeuzwa upande mmoja, kisha mwingine, kwa kuwa tundu lililo nyuma halionekani ukitazama kwa mbele peke yake. Baadaye hupigwa picha ya mwisho, baada ya umio kuwa mtupu, na mara nyingi picha hiyo ndiyo inayoamua: kilichobaki mahali ambapo hakikupaswa kubaki huonekana wazi kwa kuwa hakuna kingine kinachokifunika.

Lakini iodini nayo ina udhaifu, na usipoujua utamruhusu mgonjwa anywe maji wakati umio wake bado una tundu. Kimiminika hiki ni chepesi, hupita haraka na hakishiki ukuta. Bariamu hushika ukuta wa utumbo kama chokaa ishikavyo ukuta wa nyumba, na kwa sababu hiyo huonyesha kidonda kidogo, uvimbe unaoanza, au tundu dogo ambalo iodini ilipita bila kulionyesha. Ndiyo maana inapotafutwa tundu kwenye umio na dawa ya iodini haikuonyesha chochote ilhali dalili bado zipo, utaratibu unaokubalika katika sehemu nyingi ni kufuatisha bariamu kidogo. Wengine hushangaa: tulisema bariamu ni hatari, mbona sasa tunaitoa? Tunaitoa kwa sababu tundu kubwa limeshaondolewa kwenye mashaka, na kwa sababu hatari ya bariamu ndani ya kifua si sawa na hatari yake ndani ya fumbatio, ilhali tundu la umio lisilogunduliwa linaweza kuua. Siku hizi CT skani, yaani eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, imechukua sehemu ya kazi hii, na hapo pia dawa inayoyeyuka ndiyo inayofaa, kwa sababu bariamu nzito iliyobaki tumboni huleta michirizi inayoharibu picha za CT na inaweza kuchelewesha kipimo kwa siku kadhaa.

Mahali pa pili ambapo dawa inaweza kupotelea ni mapafu, na huku mambo yanageuka kabisa. Dawa za iodini za kizazi cha kwanza, zile zinazogawanyika kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zina chembe nyingi mno zilizoyeyuka ndani yake. Daitrizoeti iliyotengenezwa kwa ajili ya kunywewa, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Gastrografin, ina mkusanyiko wa chembe unaozidi ule wa damu kwa zaidi ya mara sita. Kimiminika chenye mkusanyiko mkubwa kiasi hicho huvuta maji kutoka kwenye tishu zilizo karibu nacho. Mgonjwa akipaliwa nacho na kikaingia kwenye vifuko vya hewa, maji hutoka kwenye mishipa midogo ya damu na kujaza mapafu, na watu wamepoteza maisha kwa namna hiyo. Bariamu kidogo ikiingia kwenye mapafu, ingawa si jambo jema, haileti mafuriko hayo. Kwa hiyo dawa ambayo tumboni ilikuwa ndiyo salama zaidi, kifuani inaweza kuwa mbaya zaidi.

Mgonjwa aliyepooza upande mmoja, mzee asiyemeza vizuri, mtu mwenye usingizi wa dawa, mtu anayetapika mfululizo, na mtu anayeshukiwa kuwa na tundu linalounganisha umio na njia ya hewa, hawa wote wasipewe dawa ya aina hiyo mdomoni. Kwao zipo dawa za iodini zisizogawanyika kuwa ayoni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Torsten Almén, daktari wa radiolojia wa Sweden, alitoa wazo la kutengeneza molekuli zinazobeba iodini ileile bila kugawanyika, ili idadi ya chembe ipungue. Alichokuwa akikipigania yeye ni kuondoa maumivu waliyoyapata wagonjwa walipodungwa dawa kwenye mishipa. Kutokana na wazo hilo zikaja dawa kama iohexol, ambayo mkusanyiko wake ni kama mara mbili hadi tatu ya ule wa damu kutegemea nguvu yake, na baadaye iodixanol, ambayo mkusanyiko wake unalingana na wa damu. Ni ghali zaidi, na hiyo ndiyo sababu baadhi ya idara huziweka akiba kwa ajili ya kudunga mshipani tu. Kwa maoni yangu akiba hiyo haifai. Chupa moja ya dawa bora kwa mgonjwa anayepaliwa ni nafuu kuliko wiki moja ya kumhudumia mgonjwa mahututi aliyejaa maji mapafuni, hata ukiacha kando kwamba maisha hayapimwi kwa bei.

Namna ya kujua nani anapaliwa haihitaji mashine. Muulize yeye na ndugu anayemlisha: akinywa maji, hukohoa? Sauti yake hubadilika akimeza? Amewahi kulazwa kwa homa ya mapafu mara kwa mara? Maswali haya hayachukui hata dakika mbili, na si haki mgonjwa ayajibu kwa mara ya kwanza akiwa ameshalala juu ya meza.

Nguvu hiyohiyo ya kuvuta maji ina sura nyingine ndani ya utumbo wenyewe. Dawa yenye mkusanyiko mkubwa ikishuka, huvuta maji kutoka mwilini hadi ndani ya utumbo. Kwa mtu mzima mwenye afya matokeo yake ni kuharisha kwa saa chache, na akinywa maji ya kutosha hali hutulia. Kwa mtoto mchanga, au mzee aliyekwisha kukauka kwa kutapika, maji yanayopotea namna hiyo yanaweza kushusha shinikizo la damu hadi kiwango cha hatari. Kwa wagonjwa kama hao dawa huchaguliwa yenye mkusanyiko mdogo au huzimuliwa kwa maji, na dripu huwa tayari kabla ya kuanza.

Na bado, hiki kinachotutia hofu kimegeuzwa kuwa tiba. Wapo watoto wanaozaliwa na choo cha kwanza kigumu na kizito kiasi cha kuziba utumbo mwembamba, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi. Mwaka 1969 Helen Noblett, daktari wa upasuaji wa watoto, aliandika kuhusu kuwapitishia watoto hao Gastrografin kwenye njia ya haja kubwa: dawa huvuta maji ndani ya utumbo, kile choo kigumu hulainika na kuteleza, na mtoto huepuka kisu. Alisisitiza kwamba mtoto apewe maji mengi mshipani wakati huohuo, kwa sababu maji yanayolainisha choo yanatoka kwenye damu ya mtoto huyohuyo. Njia hiyo bado inatumika pale ambapo hakuna dalili kwamba utumbo umetoboka.

Kwa watu wazima mfano ulio karibu ni utumbo mwembamba ulioziba kwa sababu ya makovu ya upasuaji wa zamani. Baada ya tumbo kunyonywa kwa mrija wa puani ili lisijae, mgonjwa hupitishiwa dawa hii kwenye mrija huohuo, kwa kawaida mililita 100, mrija hufungwa kwa muda, kisha picha ya tumbo hupigwa baadaye, mara nyingi kati ya saa 8 na 24. Dawa ikionekana imefika kwenye utumbo mpana, uwezekano ni mkubwa kwamba utumbo utafunguka bila upasuaji. Isipofika, daktari wa upasuaji anajua kwamba hapaswi kuendelea kungoja. Kipimo hiki hakimfai mgonjwa mwenye tumbo gumu kama ubao, homa kali au dalili kwamba utumbo umeanza kufa. Huyo haendi kungoja picha, anakwenda chumba cha upasuaji.

Niseme sasa kuhusu mzio, kwa kuwa ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi na ndugu wa wagonjwa. Imani imeenea kwamba mtu asiyepatana na vyakula vya baharini kama kamba au kaa hawezi kupewa dawa yenye iodini. Si kweli. Mzio wa viumbe hao unatokana na protini zao, hasa ile iitwayo tropomayosini, wala hautokani na iodini. Mwili wenyewe unahitaji iodini ili uishi. Mtu mzima huhitaji kama mikrogramu 150 kwa siku. Anayestahili kuogopewa ni yule ambaye aliwahi kupata mabaka, kuvimba uso, kubanwa pumzi au kuanguka baada ya kupewa dawa ya kontrasti yenyewe. Dawa ikinywewa madhara hayo ni nadra zaidi kuliko ikidungwa, kwa sababu kinachofika kwenye damu ni kidogo, lakini kidogo si sifuri. Mtu huyo aseme jina la dawa aliyopewa ikiwa analijua, na aseme kabla ya kuvua nguo za nyumbani.

Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, nayo isisahaulike. Mililita 100 za Gastrografin zina gramu 37 za iodini, kiasi kinachozidi mahitaji ya mwili ya miaka 600. Sehemu kubwa ya iodini hiyo hubaki imefungwa na hutoka kwa haja kubwa, ila kiasi kidogo kilicho huru hufyonzwa, na kwa tezi iliyo na ugonjwa kidogo hicho kinatosha kuichochea. Pia hujaza tezi kiasi kwamba kipimo au tiba ya iodini yenye mionzi haiwezi kufanyika vizuri hadi wiki kadhaa zipite. Mgonjwa wa saratani ya thairoidi anayesubiri tiba hiyo anaweza kucheleweshwa kwa sababu ya kikombe kimoja ambacho kingeweza kubadilishwa na bariamu, laiti mtu angemuuliza.

Kuhusu maandalizi nitasema machache. Mgonjwa huja akiwa amefunga kwa saa kadhaa kama alivyoelekezwa, huvua vito na vyuma, na mwanamke anayedhani ana mimba hulisema hilo mapema kwa sababu ya mionzi. Ladha ya dawa ni chungu, na ni vizuri aambiwe ukweli huo badala ya kubembelezwa kwamba hataisikia. Aliyejiandaa humeza, aliyeshtukizwa hutema, na picha huharibika. Kwa CT skani dawa huzimuliwa kwa maji mengi na kunywewa polepole, mara nyingi kwa muda wa saa moja au zaidi, kwa hiyo ukali wake huwa mdogo.

Sasa naomba niwaambie wanaoandika maombi ya kipimo. Fomu inayosema tu kwamba mgonjwa anaumwa tumbo haimsaidii mtu yeyote. Andika unashuku nini: kutoboka, kuziba, au kuvuja kwenye kiungio. Andika upasuaji ulifanyika lini na umeunganisha nini na nini, kwa sababu anayetazama picha hawezi kujua kwamba utumbo ule umepindishwa na mkono wa daktari kama hakuambiwa. Andika kama mgonjwa anapaliwa, kama ana ugonjwa wa figo au wa thairoidi, na kama aliwahi kupata mzio wa dawa ya kontrasti. Na fomu ikija bila majibu hayo, mtaalamu wa picha ana haki kamili ya kuiacha chupa bila kuifungua, apige simu wodini, na asubiri hadi ajibiwe.